Nyumba ikipata nyufa Mikindani: Tafuta ushauri huru kabla ya kulipia msingi

WAHENGA walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo haina kosa, ila haikusema ni nani anayepaswa kuamua ufa umetokana na nini. Wala haikusema kwamba mwamuzi awe yule yule atakayelipwa kuuziba.

Katika wadi ya Mikindani, eneobunge la Jomvu, Kaunti ya Mombasa, swali hilo lina gharama. Masika yanapokwisha na jua kuanza kukausha ardhi, ndipo ufa hujitokeza kwenye pembe ya dirisha, mlango ukaanza kukwama, na sakafu ya ukumbini ikaachana na ukuta.

Fundi anayeitwa kutazama mara nyingi huwa na jibu moja: msingi umekwenda. Tiba anayoipendekeza ni kuchimba chini ya ukuta, kumimina zege jipya na kusimamisha nguzo za nondo. Bei ya kazi hiyo yaweza kumeza kodi ya vyumba vyote kwa miaka kadhaa, na pengine akiba ya mtoto aliyeko Saudi Arabia au Qatar.

Kwa Mombasa hasara ya aina hiyo ina uzito wa pekee. Utaratibu wa kale wa nyumba bila shamba, ambapo mtu humiliki kuta na paa huku ardhi ikiwa ya mwingine, ungalipo katika baadhi ya mitaa ya kisiwani na ya bara. Mwenye nyumba ya namna hiyo hana hatimiliki ya kuweka rehani benki. Fedha zikiishia kwenye matengenezo yasiyofaa, hana kiwanja cha kuuza ili aanze upya.

Ndiyo maana, kabla ya kulipa malipo ya kwanza, anahitaji kusikia kauli ya mtu ambaye hatapata faida yoyote msingi ukichimbwa, wala hatapata hasara usipochimbwa.

Ardhi isiyotulia

Sehemu kubwa ya Kisiwa cha Mombasa, pamoja na ukanda wa Nyali na Likoni ulio karibu na bahari, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mwamba huo ni mgumu, hupitisha maji upesi, na nyumba iliyojengwa juu yake kwa uangalifu haina sababu kubwa ya kuyumba.

Ukivuka Makupa kuelekea Changamwe hali hubadilika. Mwanajiolojia P. V. Caswell, katika ripoti yake ya mwaka 1953 kuhusu eneo la Mombasa na Kwale, alieleza miamba ya tabaka tabaka iliyotokana na matope ya bahari ya kale, katika enzi ya Jurasiki. Miamba hiyo ndiyo iliyoko chini ya Changamwe, Mikindani na Miritini.

Mwamba wa matope unapokaa juani na mvuani kwa karne nyingi huoza na kuwa udongo wa mfinyanzi wa rangi ya kijivu au manjano. Udongo huo hunywa maji ukavimba, kisha hukauka ukasinyaa na kupasuka. Tabia yake inafanana na ya udongo mweusi wa Embakasi na Athi River unaowasumbua wajenzi wa Nairobi, ingawa nguvu yake hutofautiana kutoka kiwanja hadi kiwanja.

Mombasa hupata masika kati ya Aprili na Juni, Mei ikiwa ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Katikati yake kuna jua kali la Januari hadi Machi. Nyumba iliyojengwa juu ya mfinyanzi kwa msingi wa kina kifupi huinuliwa na kushushwa kidogo kidogo kila mwaka. Miaka ya mvua zisizo za kawaida, kama zile za El Nino za 1997 na 1998 au za mwishoni mwa 2023, huongeza kiasi cha mwendo huo.

Kuna jambo jingine. Viwanja vingi vya upande huo viko kwenye miteremko inayoshuka kuelekea mkono wa bahari wa Tudor. Ili kupata uwanja wa sawa, mjenzi hukata upande wa juu na kujaza udongo upande wa chini. Nusu ya nyumba hukaa juu ya ardhi ya asili, na nusu ya pili juu ya udongo uliomwagwa, ambao pengine haukushindiliwa ipasavyo. Ufa ukitokea katikati ya nyumba ya aina hiyo, chanzo chake ni tofauti kabisa na cha nyumba ya jirani iliyo hatua kumi kutoka hapo, hata kama nyufa zenyewe zinafanana.

Maji kabla ya zege

Katika udongo wa mfinyanzi, adui wa kwanza ni maji yasiyo na njia. Mwamba wa matope haupitishi maji upesi kama matumbawe. Shimo la kunyonya maji machafu ambalo lingefanya kazi vizuri Nyali laweza kujaa Mikindani, na maji yake yakarudi kulowesha udongo ulio chini ya ukuta wa nyuma.

Hali kadhalika bomba linalovuja chini ya ardhi, tangi la maji linalofurika usiku mgao unapofunguliwa, paa lisilo na mifereji, na bafu la uani ambalo maji yake huishia kwenye mchanga. Upande mmoja wa nyumba hubaki umelowa mwaka mzima huku mwingine ukikauka, na kuta hupasuka kwa kuvutwa pande mbili.

Miti nayo ina sehemu yake. Mwarobaini uliopandwa hatua chache kutoka ukutani hunyonya maji ya udongo wakati wa kiangazi na kuufanya usinyae. Wapo wanaoukata mara moja waonapo ufa, na hapo huenda wakaongeza tatizo, kwa kuwa udongo uliozoea kunyonywa hurudisha maji yake polepole na kuvimba. Mti mkubwa haukatwi kabla ya kuulizia.

Matatizo hayo mengi hutibiwa kwa kuhamisha shimo la maji machafu, kurekebisha bomba, kuweka mifereji ya paa, na kumimina sakafu ya simiti inayoteremka kutoka ukutani kuelekea nje. Gharama ya kazi hizo ni ndogo mno ikilinganishwa na kuchimba msingi. Zaidi ya hayo, msingi ukichimbwa na maji yakaachwa yaendelee kuingia, nyumba itapasuka tena.

Uchimbaji wa upande mmoja una hatari yake pia. Pembe moja ikishikiliwa na zege lililoshuka hadi kwenye mwamba mgumu, nayo sehemu iliyosalia ikiendelea kupanda na kushuka na majira, ufa mpya hutokea mahali sehemu hizo mbili zinapokutana. Mwenye nyumba huwa amelipa ili auhamishe ufa wake.

Si kila ufa ni wa msingi

Nyufa nyembamba zilizosambaa kama wavu juu ya lipu kwa kawaida ni za lipu yenyewe, iliyokauka upesi kupita kiasi. Ufa mlalo ulio chini tu ya slabu au juu ya linta mara nyingi hutokana na zege kutanuka kwa joto la mchana na kusinyaa usiku.

Pwani ina ugonjwa wake mwingine. Zege lililochanganywa kwa mchanga wa bahari usiooshwa, au lililopigwa na upepo wa chumvi kwa miaka mingi, huozesha nondo zilizo ndani. Nondo zikishika kutu huvimba na kulimegua zege kutoka ndani. Dalili zake ni ufa unaofuata mstari wa nondo, madoa ya rangi ya kahawia na vipande vinavyodondoka. Hilo ni jambo zito, lakini kuchimba msingi hakulitibu hata kidogo.

Ufa unaoshukiwa kuwa wa msingi kwa kawaida hukata mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, ukipanda kama ngazi kwenye viungo vya mawe. Ukiwa mpana zaidi juu kuliko chini, huenda pembe ya nyumba inashuka. Ukiwa mpana zaidi chini, huenda ni sehemu ya katikati inayozama. Hizo ni dalili za kumwelekeza mchunguzi tu, kwani ufa ule ule waweza kuwa na sababu zaidi ya moja.

Upana wake nao una maana. Baada ya kiangazi kikali cha mwaka 1976 kupasua nyumba nyingi zilizojengwa juu ya mfinyanzi nchini Uingereza, taasisi ya utafiti wa majengo ya nchi hiyo ilichapisha mwaka 1981 mwongozo wa kuyapima madhara kwa madaraja. Kwa kipimo hicho, ufa usiozidi milimita 5 huhesabiwa kuwa wa kuzibwa na kupakwa rangi, iwapo hauendelei kupanuka. Ule wa kati ya milimita 5 na 15 huhitaji kazi ya ukuta. Unaozidi 15 huanza kugusa uimara wa nyumba, na ukizidi 25 hatari ni dhahiri.

Mwongozo huo ulitolewa huku nyumba nyingi zikichimbwa misingi kwa hofu tu. Hofu ya namna hiyo ipo Mikindani pia, na wauzaji wake hawakosekani.

Fundi si hakimu

Haya hayasemwi kwa kumtia fundi ila. Wengi wao ni watu waadilifu wanaosema wanachokiamini. Lakini mpiga chuku huona kila maradhi yametokana na damu chafu, na fundi wa misingi huona kila ufa umetokana na msingi. Anapokuja kukagua bila malipo, muda wake ataulipia kwa kazi atakayoipata, na kazi hiyo haitapatikana akisema kuwa nyumba inahitaji mfereji wa paa tu.

Ugumu mwingine ni wa ujirani. Fundi ni mtu wa mtaa mmoja, huenda wanaswali naye msikiti mmoja au ni baba wa rafiki ya mtoto. Kumtafuta mtu mwingine huonekana kama kumvunjia heshima. Njia ya adabu ipo: aambiwe mapema kwamba ushauri wake umesikika, kwamba familia imekubaliana kupata maandishi ya mhandisi kwanza, na kwamba kazi ikithibitika kuwa inahitajika naye ataalikwa kutoa bei. Fundi anayejiamini hana sababu ya kukataa. Anayesema kuwa nyumba itaanguka wiki hii asipopewa malipo ya awali leo, huyo ndiye anayefanya ushauri wa pili uwe wa lazima.

Kuna mtego mmoja zaidi. Mwenye nyumba anapotaja mhandisi, fundi hujibu kwamba anaye "injinia wangu" atakayekuja kesho. Huyo hata akiwa na shahada halali hawezi kuhesabiwa kuwa huru, kwa kuwa anategemea fundi amwitie kazi nyingine mwezi ujao. Mshauri atafutwe na mwenye nyumba, alipwe na mwenye nyumba, na ripoti yake ikabidhiwe mwenye nyumba.

Nani wa kuulizwa

Anayefaa ni mhandisi wa ujenzi mwenye ujuzi wa miundo au wa udongo, aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya iliyoundwa chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011. Bodi hiyo huweka daftari la wahandisi ambalo umma unaweza kulipekua katika mtandao. Aulizwe namba yake ya usajili, na aulizwe kama leseni yake ni ya mwaka huu. Mhitimu wa chuo ambaye bado hajafikia daraja la mhandisi kamili anaweza kusaidia kupima, lakini sahihi ya ripoti si yake.

Msanifu majengo na mkadiriaji wa gharama, ambao wana bodi yao wenyewe, wana kazi yao. Mkadiriaji ni wa maana sana baadaye, tiba ikishajulikana, kwani yeye huandika orodha ya vifaa na kazi ambayo wakandarasi wote watatolea bei kwa usawa. Mkandarasi naye hana budi kuwa amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Usajili huo ni wa lazima, ila humpa ruhusa ya kujenga tu, haumgeuzi kuwa mshauri asiye na upande.

Ukaguzi si lazima uanze kwa gharama kubwa. Katika jimbo la Texas, Marekani, ambako udongo unaovimba ni kero ya kila siku, chama cha wahandisi wa ujenzi kilitoa mwaka 2002 mwongozo unaogawa uchunguzi katika ngazi tatu. Ya kwanza ni kutazama kwa macho na kuandika, ya pili huongeza kupima usawa wa sakafu, na ya tatu huongeza uchunguzi wa udongo wenyewe. Mpango huo unafaa Mikindani vile vile. Nyumba nyingi za chini hazitahitaji kuvuka ngazi ya pili.

Ngazi ya tatu huwa ya lazima pale mwenye nyumba anapokusudia kuongeza ghorofa. Msingi uliochimbwa kwa ajili ya vyumba sita na paa la mabati haukuandaliwa kubeba slabu, na hakuna fundi awezaye kujua uwezo wake kwa kuugongagonga.

Mhandisi aombwe kuandika mambo machache kwa lugha inayoeleweka: chanzo cha ufa ni nini na ameking'amua kwa ushahidi gani, je nyumba bado inasogea, nini kitatokea isipofanywa kazi yoyote kwa mwaka mmoja, na hatua ipi ya gharama nafuu ianze. Ripoti inayotaja ukubwa wa nguzo bila kutaja chanzo cha ufa haijamaliza kazi yake.

Ushahidi wa mwenye nyumba

Hakuna mhandisi awezaye kujua kwa ziara ya saa moja jinsi ufa ulivyobadilika kwa mwaka mzima. Mwenye nyumba anaweza. Aweke alama ya penseli kwenye ncha mbili za ufa na kuandika tarehe pembeni. Apigilie misumari miwili midogo, mmoja kila upande, na kupima umbali kati yake kila mwezi. Vipimo vya kuanzia Februari, ardhi ikiwa kavu, hadi Julai masika yakiwa yamepita, vitaonyesha kama ufa hufunguka na kufunga na majira au huzidi kupanuka bila kurudi.

Usawa wa sakafu pia hupimika bila mashine. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, ambao mafundi huutumia kila siku, utaonyesha ni pembe ipi iliyoshuka na kwa kiasi gani.

Jambo hili huwahusu hasa wanaoamua wakiwa ughaibuni. Picha ya ufa iliyotumwa kwa simu hutisha kuliko ufa wenyewe, kwa kuwa haina kipimo. Iombwe picha yenye rula au sarafu pembeni ya ufa, nyingine ya ukuta mzima, na ya tatu ya upande wa nje pamoja na shimo la maji machafu na miti iliyo karibu. Fedha za ukaguzi zitumwe moja kwa moja kwa mhandisi, si kupitia kwa fundi.

Subira hiyo ina mipaka. Ukuta ulioinama, ufa unaopitisha kidole, mlango uliokwama ghafla usiku mmoja, slabu inayotoa mlio au nguzo iliyomeguka ni dalili za kuwatoa watu ndani kwanza, wapangaji wakiwemo, na kuiarifu serikali ya kaunti. Jengo la ghorofa lililoporomoka Huruma, Nairobi, Aprili 29, 2016 na kuua watu wapatao 50 lilianguka wakati wa mvua kubwa. Tangu hapo macho ya wakaguzi yameelekea zaidi kwenye maghorofa. Nyumba ya chini ya uani haina mkaguzi ila mwenyewe.

Mkataba na malipo

Ikithibitika kwamba msingi lazima uchimbwe, ripoti ndiyo iwe kiini cha mkataba. Bei ziombwe kwa wakandarasi watatu kwa kazi ile ile iliyoandikwa. Iulizwe pia katika ofisi za kaunti kama kazi hiyo inahitaji kibali, hasa ikigusa nguzo na kuta zinazobeba uzito, kwa kuwa Kanuni mpya za Kitaifa za Ujenzi zilizoanza kutumika Machi 2025 zimechukua nafasi ya zile za mwaka 1968.

Malipo yafuate hatua za kazi. Mhandisi alipwe kidogo zaidi aje kutazama shimo kabla ya zege kumiminwa, maana likishafukiwa hakuna ajuaye kilicho chini. Sehemu ya mwisho ya malipo izuiliwe kwa maandishi hadi masika moja yapite.

Risiti na kumbukumbu za malipo ya simu zihifadhiwe. Mgogoro ukizuka, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na ambayo sasa ipo Mombasa pia, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Mlalamishi anaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Hata hivyo, mahakama husoma karatasi. Anayefika na ripoti ya mhandisi, mkataba na vipimo vya ufa vilivyoandikwa tarehe ana la kuonyesha.

Ripoti yenyewe ikae pamoja na hati za nyumba, au pamoja na stakabadhi za kodi ya ardhi kwa aliye na nyumba bila shamba. Siku nyumba itakapouzwa au kurithiwa, mnunuzi atauona ufa uliozibwa, na atauliza.